Nakala Iko Wapi? Ujasiri wa Vijana na Ujuzi wa Wazee



Jumapili iliyopita baada ya ibada, wakati chai inapakuliwa, niliwasikia vijana wetu wawili wakibishana juu ya kompyuta. Mmoja alisema wazee wa kikundi chao cha wapenda kompyuta wanaogopa kila kitu. Mwenzake akamjibu kwamba hao wazee ndio waliounda vitu anavyochezea. Sikuingilia. Lakini nilirudi nyumbani nikijihisi nina deni, kwa sababu miaka miwili iliyopita nilinyamaza katika jambo kama hilo, na ukimya wangu ukamgharimu mtu. Mtu huyo ameniruhusu nilisimulie, mradi nisitaje majina.

Mpwa wangu wakati huo alikuwa na miaka 16. Wengi wenu mna kijana kama yeye nyumbani. Akiwa na miaka 12 aliokota kompyuta iliyotupwa kando ya jaa la nyumba za kupanga, akaifungua, akaifanya iwake. Akiwa na miaka 14 aliunda yake mwenyewe kwa vipuri alivyonunua kwa pesa za kuwaondolea majirani theluji. Jumamosi moja kila mwezi alikwenda kwenye kikundi hicho cha wapenda kompyuta, ambacho wengi wake ni Wamarekani waliostaafu, na akirudi aliwacheka. Wanaandika kila kitu kwenye daftari, alisema. Wanabandika karatasi yenye jina kwenye kila waya. Wanauliza swali moja mara tatu kabla ya kugusa chochote.

Mama mmoja wa kanisa letu, mjane, alimletea laptopu yake. Mama huyu ni Mkongo, alifika Marekani na watoto wanne kutoka kambi ya Nyarugusu kule Tanzania. Mumewe alifariki kambini. Picha zake na sauti zake zilikuwa kwenye simu ya zamani, na kabla simu hiyo haijafa kabisa, mtu fulani alimsaidia kuzihamishia kwenye laptopu. Hayo yote hakuyasema, kwa sababu hakujua kwamba yanahitaji kusemwa. Alisema tu, "Mwanangu, hii imekuwa nzito sana, niangalilie."

Mpwa wangu akamjibu, "Usijali Mama. Kesho itakuwa kama mpya."

Mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo mezani. Swali lilinijia: nakala iko wapi? Nikalimeza. Nilijiambia kwamba mambo ya siku hizi si kama ya wakati wetu, na kwamba kijana anajua anachofanya. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana mshamba mbele ya mtoto niliyembeba mgongoni.

Kesho yake laptopu ilikuwa kama mpya kweli. Alikuwa amefuta kila kitu na kuweka Linux, nayo iliwaka kwa sekunde chache. Yule mama alifurahi, akamshukuru, akaanza kutafuta picha. Akatafuta tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na baba yao yuko wapi?"

Sitasahau uso wa mpwa wangu. Lakini kabla sijamhukumu, ilinibidi nijikumbushe mwenyewe.

Mwaka 1996 nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Nakuru. Nilikuwa na miaka 23 na cheti cha mafunzo ya kompyuta ya miezi mitatu, na hakuna mwingine ofisini aliyekuwa nacho. Bosi wangu hakuweza kuniuliza lolote, kwa kuwa hakujua aulize nini. Mwisho wa mwezi mmoja niliamua kusafisha diski, nikaandika herufi moja mahali pa nyingine, nikafuta hesabu yote ya mishahara ya vibarua. Nakala hapakuwa. Walilipwa siku nne baadaye, baada ya kuhesabiwa upya kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja miongoni mwao alikuja mezani kwangu akaniuliza taratibu kama ni kweli jina lake limepotea ndani ya ile mashine.

Hadithi hiyo sikuwahi kumsimulia mpwa wangu. Nilichokuwa nikimwambia kila mara ni kwamba mimi ndimi niliyekuwa mtu wa kwanza ofisini kutumia kompyuta. Nilimpa sifa yangu nikamficha kovu langu. Kwa hiyo siku alipohitaji ujuzi, ujuzi ulikuwa umeketi naye meza moja, umenyamaza.

Basi kosa lilikuwa nini hasa? Wepesi wetu ni kusema: vijana wana kiburi, wangetusikiliza mambo yangekwenda sawa. Vijana nao wana jibu lao: mngetuachia, kwa sababu ninyi hamzijui mashine hizi. Nadhani sote tunakosea, na ningependa tuangalie watu wawili wanaojulikana sana katika historia ya kompyuta.

Wa kwanza ni Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell. Tarehe 2 Novemba 1988, akiwa hajatimiza miaka 23, aliachilia kwenye intaneti ya wakati ule programu ndogo inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Haikufuta faili la mtu. Iliuliza kwanza kama kompyuta imeshaingiwa, ili isiingie mara mbili. Lakini Morris alihofia kwamba mafundi wangeidanganya kwa kuifanya kila mashine ijibu "ndiyo", basi akaiagiza iingie hata hivyo, mara moja katika kila saba. Hesabu hiyo moja ndiyo iliyomshinda. Nakala zilirundikana katika mashine zile zile mpaka zikalemewa. Makadirio ya wakati ule yalitaja kompyuta 6,000 hivi. Rafiki yake alituma ujumbe wa kuomba radhi wenye maelezo ya namna ya kuizuia, lakini njia zilikuwa zimeziba na ujumbe ukachelewa. Mwaka 1990 mahakama ilimpa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi ya jamii na faini ya dola 10,050. Na baba yake mzazi alikuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa usalama wa kompyuta katika serikali ya Marekani. Mshauri aliyemhitaji alikuwa wa damu yake.

Wa pili ni Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki huko Ufini. Tarehe 25 Agosti 1991, akiwa na miaka 21, aliwaandikia wapenda kompyuta wenzake kwamba anaunda mfumo mdogo wa kompyuta kwenye mashine yake nyumbani, kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa kitu kikubwa, na akawauliza wao wangependa uwe na nini. Mwezi Januari mwaka uliofuata, Profesa Andrew Tanenbaum, ambaye mfumo wake Torvalds alikuwa ameutumia kujifunzia, alisema hadharani kwamba muundo wa Linux ni wa kizamani. Kijana akamjibu kwa ukali. Halafu mtu mmoja akamwandikia kwa upole kwamba hivyo sivyo mambo yanavyofanywa, naye akaomba radhi mbele ya wote kwa jinsi alivyojibu. Juu ya muundo hakurudi nyuma, na leo Linux imo ndani ya kila simu ya Android mliyo nayo mfukoni. Mzee alikuwa na hoja zake, lakini kijana hakuhitaji kungoja ruhusa yake.

Tofauti ya hawa wawili si umri, maana miaka yao ilikaribiana. Wala si akili; Morris baadaye alikuwa profesa katika MIT, na hilo nalo ni habari njema kwa kila aliyekosea akiwa kijana. Tofauti ni kwamba mmoja alifanya jaribio lake kwenye mashine za watu ambao hakuwauliza, usiku, bila mtu wa kumkagua. Mwingine alijaribu kwenye mashine yake mwenyewe, akaiweka kazi yake mezani, na waliotaka wakaja kuionja na kuisema makosa.

Kwa hiyo nasema hivi. Ujasiri juu ya kilicho chako ni shule. Vunja, unganisha, choma vipuri vyako, ndivyo fundi anavyopatikana. Lakini ujasiri juu ya kilicho cha mwenzako, bila kumweleza hatari na bila njia ya kurudi nyuma, ni kumdhulumu, hata kama nia ni njema. Mtu atasema, "Lakini yule mama alimpa laptopu kwa hiari." Ndiyo, alimpa, lakini hakujua kwamba kuifanya iwe nyepesi kunaweza kumaanisha kuifuta. Ruhusa ya asiyeijua hatari haitoshi, na anayeijua ndiye mwenye wajibu wa kuisema.

Wala msidhani haya ni mambo ya mbali. Mwaka 2003 kijana wa miaka 18 wa Hopkins, upande wa pili wa Minneapolis, alichukua kirusi cha kompyuta kilichotungwa na mtu mwingine, akakigeuza kidogo na kukiachilia. Mwezi Januari 2005 alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Wapendwa, baadhi ya watoto wetu bado si raia. Kosa la jinai linaweza kuwaletea matatizo ya uhamiaji ambayo mtoto wa jirani hatayapata. Kijana anayesema "nilikuwa najaribu tu" anapaswa kulijua hilo mapema.

Biblia ina habari ya namna hii katika 1 Wafalme 12. Watu walimwendea Rehoboamu wamwombe awapunguzie nira nzito ya baba yake. Wazee walimshauri aseme nao kwa upole. Vijana waliokua pamoja naye wakamshauri aiongeze. Akawafuata hao, na makabila kumi yakamwacha. Tunapenda kuwasomea vijana sura hiyo, lakini tukiendelea hadi 14:21 tunaambiwa Rehoboamu alikuwa na miaka 41 alipoanza kutawala. Hakuwa mtoto. Kosa lake ni kwamba aliwaendea watu waliofanana naye, na nira waliyoizungumzia ingekaa kwenye shingo za wengine, si zao. Mtu wa miaka 41 anaweza kuwa "kijana" kwa namna hiyo, na hata wa miaka 60. Kwa upande mwingine, katika kitabu cha Ayubu, Elihu alikuwa mdogo kuliko wote, akangoja wazee wamalize, kisha akasema aliyokuwa nayo. Kungoja hakukumnyima nafasi ya kusema.

Sasa turudi nyumbani kwetu, hapa Anoka, Coon Rapids, Brooklyn Park na kwingineko. Kuna jambo linalotuhusu sisi wahamiaji zaidi kuliko wengine. Nani anayejaza fomu za shule za wadogo zake? Nani anayesoma barua ya bima, anayepiga simu ya umeme, anayefungua akaunti ya benki kwenye simu ya mama? Ni mtoto wa miaka 11, wa miaka 13. Tumewafanya wazee wa nyumba kabla hawajaota ndevu. Wanasema "nimemaliza", nasi tunasema "asante mwanangu", kwa sababu hatuwezi kukagua. Mpwa wangu alikuwa amefanya kazi hizo kwa miaka mitano na hakuna aliyewahi kumwambia "hapa umekosea." Je, angejifunza wapi kwamba anaweza kukosea? Ujasiri ule hakuuzaliwa nao. Sisi ndio tuliomlea nao, kwa shukrani zetu zisizo na maswali. Na nadhani ni mzigo kwake pia, kuwa mtu ambaye hakuna wa juu yake wa kumwuliza.

Ndiyo maana kikundi kile cha wazee wenye madaftari kilikuwa zawadi aliyoshindwa kuiona. Na hapa nawakumbusha hadithi ambayo watoto wenu wanaijua upande mmoja. Mchezo wa kompyuta wa Oregon Trail, ambao wanafunzi wengi wa Marekani wameucheza, ulianzia Minneapolis mwaka 1971. Vijana watatu waliokuwa wanafundisha kwa mazoezi, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, waliutunga kwa muda wa wiki mbili hivi, ili Rawitsch autumie katika somo la historia. Unahusu familia zilizosafiri kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kwenda magharibi katika karne ya 19, na wengi wakafa njiani. Muhula ulipokwisha Rawitsch aliufuta kwenye kompyuta ya shule, lakini kwanza aliuchapa wote kwenye karatasi. Alikuwa na nakala! Mwaka 1974 aliajiriwa na MECC, shirika la jimbo hili lililopeleka kompyuta mashuleni, akauandika upya kutoka karatasi zile. Lakini hakuishia hapo. Alisoma shajara za watu waliosafiri kweli, akarekebisha mchezo ili magonjwa, hali mbaya ya hewa na mikosi vitokee kwa kadiri vilivyowapata wao. Vijana waliunda mchezo kwa wiki mbili, na waliotembea njia ile ndio walioufanya ufanane na ukweli.

Wangewezaje kusaidia kama wangeandika ushindi wao tu? Waliandika pia homa, mito iliyowachukua, ng'ombe waliokufa. Ujuzi si hesabu ya miaka. Ujuzi ni makosa yaliyokiriwa na kuandikwa ili mwingine asiyarudie. Mzee asiyesimulia makosa yake ana umri tu.

Nimalizie habari ya laptopu. Nilimwambia mpwa wangu habari ya Nakuru usiku ule, nikiwa nimechelewa. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa mzee mmoja wa kikundi chake. Miji hii ina watu wa namna yake, maana kompyuta zimeundwa hapa tangu ERA ilipoanzishwa St. Paul mwaka 1946 na Control Data huko Minneapolis mwaka 1957. Kitu cha kwanza alichosema ni tusiiwashe tena. Kitu cha pili, alimsimulia kijana jinsi alivyowahi kufuta kazi ya miezi mitatu ya mwenzake, na kwamba tangu siku hiyo ndipo alipoanza kuandika daftari. Hakumkaripia. Kisha akatengeneza nakala ya diski nzima na kufanya kazi kwenye nakala, bila kugusa ile ya asili. Alitueleza kwamba katika diski ya zamani kama ile, kufuta mara nyingi huondoa orodha tu, na vitu vyenyewe hubaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Linux ilikuwa imeandikwa juu ya sehemu.

Zilipatikana picha 140 hivi, nadhani si nusu. Katika sauti tatu ilipatikana moja. Na faili zote zilirudi bila majina, zikiwa na tarakimu tu.

Mpwa wangu alikwenda kwa yule mama peke yake, akamwambia, "Mama, ni mimi niliyefuta, sikuuliza." Kisha kwa Jumamosi mbili aliketi naye sebuleni. Mama alitazama kila picha na kusema huyu ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa mwaka gani, naye akaandika. Alisimuliwa Uvira, safari ya ziwa, kambi, mtu ambaye hakuwahi kumwona. Walipomaliza alitengeneza nakala mbili kwenye flashi. Moja akampa mama, nyingine ipo kwa binti yake mkubwa. Nyingine hazitarudi, na mama hajifanyi kwamba zimerudi. Lakini anamwita kijana yule mwanangu hata leo, na akipata shida ya simu humwendea yeye.

Kwa wazazi wenzangu ninaacha maswali matatu ambayo hayahitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Mtoto anapotaka kugusa kitu, muulize: Hiki ni cha nani? Kikiharibika, tutarudije nyuma? Nani mwingine amekuangalia? Akishindwa kujibu, angoje. Ulizeni hata kama mtaonekana washamba. Mimi niliepuka aibu ya dakika moja, na mjane akalipa.

Na ninyi vijana, hatuwaombi muwe waoga. Tengenezeni nakala kwanza, kisha muwe jasiri kadiri mnavyotaka, maana nakala ndiyo inayompa fundi uhuru wa kukosea. Na mkikutana na mzee mwenye daftari, msimcheke kabla hamjamwuliza ni siku gani alianza kuliandika.